Bei Ndiyo Inayochora Mtandao

Ukitaka matawi 10 ya shirika moja yaunganishwe kila moja na kila jingine moja kwa moja, utahitaji viungo 45. Matawi yakifika 50, viungo vinakuwa 1,225. Hesabu ni rahisi: zidisha idadi ya matawi kwa idadi hiyo pungufu ya moja, kisha gawanya kwa mbili. Matawi hayo hayo 50 ukiyapanga kwa umbo la nyota, 49 yakielekea kwa moja lililo makao makuu, viungo ni 49 tu. Kati ya 49 na 1,225 ndipo kazi yote ya msanifu wa mtandao ilipo. Na anapochagua pa kusimama, kinachomwongoza ni swali moja: ni kitu gani kilicho ghali zaidi hapa, na umbo gani litakitumia kwa uchache?

Kitu hicho hubadilika kadiri miaka inavyokwenda. Mwaka 1953 Charles Clos wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu ya Marekani, alichapisha hesabu za mitambo ya simu, wakati ambapo kilichokula pesa ni vile vituo vidogo vya makutano ndani ya swichi, kila kimoja kikiwa kifaa cha chuma chenye sehemu zinazosogea. Swichi ya kawaida yenye laini 1,024 za kuingia na 1,024 za kutoka ilihitaji makutano 1,048,576. Clos alionyesha kwamba ukiigawa katika hatua tatu za swichi ndogo ndogo, makutano 193,536 yanatosha, na bado hakuna simu itakayokosa njia kwa sababu ya simu nyingine. Ila faida hiyo haipo kwenye mitambo midogo. Kwa mpango wa hatua tatu zenye mgawanyo sawa, huanza kuonekana laini zikifika 36 hivi, ambapo makutano hushuka kutoka 1,296 hadi 1,188. Makutano yenyewe leo yamo ndani ya chipu moja na hakuna anayeyahesabu, lakini umbo la Clos limerudi kwenye vituo vya data kwa sababu nyingine kabisa, kama tutakavyoona.

Paul Baran wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, naye, katika maandiko yake ya mwaka 1964, alijiuliza mtandao uongezewe viungo vingapi vya ziada ili usikatike hata vituo vingi vikiharibiwa. Alichokuta ni kwamba ukiwa na viungo mara tatu au nne ya kiwango cha chini kabisa, unakuwa umepata karibu uimara wote unaowezekana. Kinachozidi hapo ni pesa zinazoenda bila kuleta kitu. Matokeo hayo yanafaa kukumbukwa kila mtu anapodai kwamba usalama wa mtandao ni kuunganisha kila kitu na kila kitu.

Umbali ndio mstari wa kwanza wa bajeti

Bei ya kiungo haipandi taratibu kulingana na mita. Hupanda kwa ngazi. Kebo ya shaba ya Ethaneti inaishia mita 100. Kebo ya daraja la Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde katika umbali huo. Cat6 hubeba gigabiti 10 lakini hadi mita 55 tu, na Cat6A hufikisha gigabiti 10 kwenye mita 100 kamili. Ukivuka hapo unaingia kwenye faiba, na papo hapo unalipia kitu kipya: moduli ya mwanga kila upande, yaani kifaa kinachogeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme. Faiba ya njia nyingi aina ya OM3 hupeleka gigabiti 10 hadi mita 300, OM4 hadi mita 400, na faiba ya njia moja ikiwa na moduli za aina ya LR hufika kilomita 10.

Wengi huamini faiba ya njia moja ndiyo kebo ya gharama kubwa. Sivyo. Tofauti iko kwenye moduli, ilhali kebo yenyewe haizidi ile ya njia nyingi. Moduli utazibadilisha kila miaka kadhaa, kebo itabaki ukutani miongo miwili. Kwa jengo linalotarajiwa kudumu, tunaona hakuna sababu nzuri ya kulaza faiba ya njia nyingi kati ya ghorofa na ghorofa.

Nje ya jengo, gharama inahama tena. Kinachokula bajeti ni kuchimba mtaro, kupata vibali na kurudisha barabara ilivyokuwa. Nyuzi zenyewe ni sehemu ndogo. Ndiyo maana anayechimba hulaza nyuzi 96 hata kama leo anahitaji 4. Na mtaro ukishakuwa wa gharama namna hiyo, umbo la pete hupata mvuto: vituo 8 vilivyozunguka mji huunganishwa kwa vipande 8 tu vya kebo, na mtaro ukikatwa mahali pamoja, data huzunguka upande wa pili. Pete za SDH, mfumo wa makampuni ya simu wa kusafirisha mawasiliano kwenye faiba, ziliundwa kuhamisha mawasiliano ndani ya milisekunde 50. Gharama yake imejificha kwenye uwezo: ili upande wa pili uweze kupokea mzigo wote, nusu ya uwezo wa pete lazima ikae bila kazi.

Katika masafa marefu, mamia ya kilomita, kilichobadilisha hesabu ni kikuza mwanga. Zamani kila baada ya umbali fulani mwanga ulipaswa kugeuzwa umeme, kusafishwa, kisha kugeuzwa mwanga tena, na kila chaneli, yaani kila rangi ya mwanga, ilihitaji mtambo wake. Kikuza mwanga chenye madini ya erbiamu hukuza rangi zote zilizomo kwenye uzi kwa mpigo mmoja, kwa kawaida kila kilomita 80 hivi. Ukituma rangi 80, kila moja ikibeba gigabiti 100, uzi mmoja unabeba terabiti 8 kwa sekunde, na vikuzaji njiani ni vile vile ambavyo ungelipia kwa rangi moja. Hapo ndipo ilipokuwa nafuu kuongeza rangi kuliko kuongeza uzi.

Kiungo kijazwe kiasi gani?

Mhasibu akiona mchoro unaoonyesha kiungo kinatumika kwa asilimia 45, atauliza kwa nini nusu nyingine ililipiwa. Ni swali halali, na jibu lake lina sehemu mbili.

Ya kwanza ni foleni. Pakiti, yaani vipande ambavyo data hukatwa ili isafirishwe, haziji kwa mpangilio. Huja kwa mafungu. Kwa mfano rahisi kabisa wa hesabu za foleni, muda ambao pakiti inakaa kwenye kiungo ni muda wake wa kutumwa ukigawanywa kwa sehemu ya kiungo iliyo wazi. Pakiti ya baiti 1,500 huchukua milisekunde 0.12 kutumwa kwenye kiungo cha megabiti 100. Kiungo kikiwa kimejaa nusu, muda unakuwa 0.24. Kikijaa asilimia 90, unakuwa 1.2, asilimia 95, 2.4, asilimia 99, milisekunde 12. Mstari huo haupandi kwa usawa, unapanda ghafla mwishoni, na mawasiliano halisi yenye mafungu makubwa zaidi huumia mapema kuliko mfano huu unavyosema.

Ila tazama kiungo cha gigabiti 10. Pakiti ile ile huchukua mikrosekunde 1.2, kwa hiyo hata kikijaa asilimia 95 ucheleweshaji ni mikrosekunde 24, kitu ambacho hakuna mtumiaji atakayekihisi. Kiungo kikubwa kinaweza kuendeshwa kikiwa kimejaa zaidi kuliko kidogo, na huduma isiharibike. Hii ni moja ya sababu kubwa za kuwepo kwa ngazi katika mitandao: unakusanya vijito vidogo mapema, unavipeleka kwenye njia pana.

Sehemu ya pili ya jibu ni takwimu za watumiaji. Chukua watu ambao kila mmoja, anapotumia, hutumia megabiti 100, lakini hutumia asilimia 10 tu ya muda. Watu 10 wana wastani wa megabiti 100 kwa pamoja, ila ili uwe salama dhidi ya mitikisiko ya kawaida, yaani wastani ukijumlisha mikengeuko sanifu mitatu, unahitaji kama megabiti 385, sawa na 38.5 kwa kila mtu. Watu 100 wanahitaji gigabiti 1.9, ambayo ni 19 kwa mtu. Watu 10,000 wanahitaji gigabiti 109, ambayo ni chini kidogo ya 11 kwa mtu. Umati unavyokua, ndivyo kila mtu anavyogharimu kidogo, bila yeyote kunyimwa.

Hesabu hiyo inasimama juu ya sharti moja: kila mtu atumie kwa wakati wake, bila kutegemea wengine. Siku ambayo programu maarufu inatoa sasisho, au mechi ya fainali inarushwa moja kwa moja, sharti linavunjika na wote wanakuja pamoja. Mtandao uliopimwa kwa siku za kawaida huanguka siku hizo, na kosa huwa halipo kwenye kifaa chochote.

Kwenye ofisi, kanuni hizi zimezaa uwiano wa ugawanaji. Mwongozo uliozoeleka kwa mtandao wa ngazi tatu (ya watumiaji, ya kati na kiini) huruhusu uwiano wa hadi 20 kwa 1 kati ya poti za watumiaji na viungo vya kupanda juu, na 4 kwa 1 kutoka ngazi ya kati kwenda kiini. Swichi yenye poti 48 za gigabiti 1 na viungo viwili vya gigabiti 10 kwenda juu ina uwiano wa 2.4 kwa 1, ambao kwa kazi za ofisi ni anasa. Uwiano huo huo kwenye chumba cha seva za hifadhi unaweza kuwa balaa, kwa sababu seva hizo hufanya kazi zote kwa wakati mmoja.

Gharama ya kuwa na akiba

Ukiwa na viungo viwili vinavyosaidiana, huwezi kukijaza chochote kati yake kupita asilimia 50, la sivyo kimoja kikikatika kingine hakitabeba mzigo. Ukiwa na vitatu unaweza kufika asilimia 66, vinne asilimia 75, vinane asilimia 87. Kwa lugha ya mkoba: akiba kwa viungo viwili inakugharimu nusu ya ulichonunua, kwa vinane inakugharimu moja ya nane. Hii peke yake inatosha kueleza kwa nini vituo vya data viliacha muundo wa swichi mbili kubwa katikati vikaingia kwenye swichi nyingi za wastani.

Hali ilikuwa mbaya zaidi chini ya itifaki ya STP, iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 ili kuzuia pakiti zisizunguke milele kwenye Ethaneti. STP hufanya kazi yake kwa kuzima viungo vya ziada hadi vitakapohitajika. Umenunua viungo viwili, kimoja kimekaa gizani. Suluhisho ni ama kuunganisha viungo viwili vionekane kama kimoja, ama kupeleka uelekezaji wa IP hadi chini kabisa ili njia zote zenye gharama sawa zitumike kwa pamoja. La pili linahitaji ujuzi zaidi siku ya kwanza, lakini usiku wa hitilafu ndilo linaloeleweka haraka.

Namba za upatikanaji nazo zina mtego. Kiungo chenye upatikanaji wa asilimia 99.9 hukosekana saa 8.76 kwa mwaka, asilimia 99.99 ni dakika kama 53, asilimia 99.999 ni dakika 5 na ushee. Viungo viwili vya asilimia 99 vikisimama sambamba hutoa asilimia 99.99, na hapo muuzaji hutabasamu. Lakini hesabu hiyo inadai viungo vife kila kimoja kwa sababu yake. Watoa huduma wawili wenye majina tofauti mara nyingi hupita kwenye mtaro mmoja, nguzo moja au daraja moja, na tingatinga likipita hukata vyote. Kabla ya kulipia kiungo cha pili, omba ramani ya njia ya kebo, si jina la kampuni, na mkataba uitaje njia hiyo. Angalia pia kama kebo zote mbili zinaingia kwenye jengo kwa tundu moja, na kama ruta zote mbili zinategemea soketi moja ya umeme.

Kituo cha data: swichi ndogo nyingi

Mwaka 2008 watafiti Al-Fares, Loukissas na Vahdat walionyesha kwamba swichi za kawaida zenye poti k kila moja zinaweza kupangwa kwa umbo la Clos zikahudumia seva nyingi kwa kasi kamili: idadi ya seva ni k × k × k, gawanya kwa 4. Kwa swichi za poti 48, hizo ni seva 27,648 na swichi 2,880 za aina moja. Kabla ya hapo, kukuza mtandao kulimaanisha kununua sanduku kubwa zaidi, na bei ya sanduku kubwa hupanda kwa kasi kuliko idadi ya poti zake. Jambo alilolitatua Clos kwa ajili ya makutano ya chuma likarudi kutatua tatizo la bei ya swichi kubwa.

Mfano wa ukubwa wa wastani unaonyesha vizuri pesa zinakokwenda. Chukua swichi za jani, yaani zile zinazounganisha seva, kila moja ikiwa na poti 48 za gigabiti 25 kushuka kwa seva na poti 6 za gigabiti 100 kupanda. Kushuka ni gigabiti 1,200, kupanda ni 600. Uwiano ni 2 kwa 1. Juu weka swichi 6 za uti wa mgongo zenye poti 32 kila moja, na kila jani liunganishwe na kila uti. Muundo huu unabeba majani 32 na seva 1,536. Uti mmoja ukifa, uwiano unakuwa 2.4 kwa 1 na kazi inaendelea.

Sasa hesabu kebo. Viungo kati ya jani na uti ni 192, na kila kimoja kina moduli mbili za mwanga: 384. Mara nyingi moduli hizi zinashindana kwa bei na swichi zenyewe, na watu huzisahau kwenye makisio ya kwanza. Kila moduli ya gigabiti 100 ikila hadi wati 3.5, zote pamoja zinakula wati 1,344 mchana na usiku, karibu kilowati-saa 11,800 kwa mwaka kabla ya kulipia upoozaji. Ukikubali viungo 4 vya kupanda badala ya 6, uwiano unakuwa 3 kwa 1 na moduli zinashuka hadi 256. Theluthi moja ya gharama ya mwanga imeondoka. Kama seva zako hazijawahi kupita theluthi ya kasi yake kwa pamoja, huo ni uamuzi mzuri. Zikiwa seva za kufundishia modeli kubwa za akili unde, ambapo mashine zote hubadilishana data kwa mpigo mmoja na kila moja humsubiri aliye wa mwisho, uamuzi huo huo utaziacha chipu za bei kubwa zimekaa bure.

Hapa pia ndipo unapopata jibu la kwa nini swichi ya jani huwekwa ndani ya kabati moja na seva zake. Kebo fupi za shaba zenye vichwa vyake tayari, ziitwazo DAC, hazina leza ndani na hazili umeme wa kutajika, lakini kwa kasi ya gigabiti 25 zinaishia mita 3 hadi 5. Swichi ikiwa juu ya kabati, viungo 48 vinakuwa vya shaba na 6 tu vinahitaji mwanga. Ukiihamishia mwisho wa safu ya makabati ili ununue swichi chache kubwa, viungo vyote 48 vinaweza kuhitaji mwanga, na ulichookoa kwenye swichi kinaishia kwenye moduli.

Google walisogeza hesabu hii hatua nyingine. Katika maelezo waliyochapisha mwaka 2022 kuhusu mtandao wao wa Jupiter, waliondoa ngazi ya uti wa mgongo na kuweka swichi za vioo zinazogeuza mwanga moja kwa moja bila kuugeuza umeme. Walitaja gharama za ujenzi kupungua kwa asilimia 30 na matumizi ya umeme kwa asilimia 41. Mantiki yake ni kwamba uti wa kawaida hufungwa na kasi ya siku uliponunuliwa, ilhali kioo hakijali kama mwanga unabeba gigabiti 40 au 400. Ni njia inayodai programu nzito ya kupanga mawasiliano, kwa hiyo si kitu cha kuigwa na kila mtu.

Faiba hadi nyumbani: bajeti ya desibeli

Kuwafikia wateja wengi waliotawanyika kuna njia mbili. Moja ni kumpa kila mteja uzi wake hadi kituoni: wateja 32, nyuzi 32, poti 32. Nyingine ni GPON, ambapo uzi mmoja hutoka kituoni, hufika kwenye splita isiyotumia umeme, na hapo mwanga hugawanywa kwa wateja 32. Poti moja, uzi mmoja mrefu, na hakuna betri wala kabati la umeme barabarani. Bei ya akiba hiyo ni kwamba wote wanagawana gigabiti 2.488 za kushuka na 1.244 za kupanda. Wote 32 wakipakua kwa pamoja, kila mmoja anabaki na megabiti 78 hivi.

Kinachotawala mchoro wa GPON ni kiasi cha mwanga unaoweza kupotea njiani. Upotevu huo hupimwa kwa desibeli, na vifaa vya daraja B+ huruhusu desibeli 28. Splita ya 32 inakula kama 17. Kilomita 20 za faiba kwa desibeli 0.35 kila kilomita zinakula 7. Viunganishi vinne kwa nusu desibeli kila kimoja, 2. Jumla 26, na akiba ni 2 tu. Ukishawishika kutumia splita ya 64 ili ugawanye gharama kwa wateja zaidi, ongeza desibeli 3.5: jumla ni 29.5 na mtandao haufanyi kazi, isipokuwa ufupishe njia hadi kilomita 10, ambapo unarudi kwenye 26. Umbali na idadi ya wateja vinatoka kwenye mfuko mmoja.

Akiba ya desibeli 2 huliwa haraka na vumbi kwenye kiunganishi, uzi uliokunjwa kwa kona kali ndani ya nyumba, au kebo iliyokatika na kuungwa mara mbili tatu. Hivyo anayepanga hadi ukingo wa 28 anajinunulia simu za malalamiko. Hitilafu nyingine ya kipekee ni kifaa cha mteja kilichoharibika kinachoangaza bila kungoja zamu yake: kimoja hicho kinaweza kuwazima majirani wote wa splita, na kumpata hudai kuwachomoa mmoja mmoja kama mitambo ya kituoni haina uwezo wa kumtambua.

Kununua intaneti kwa jumla

Watoa huduma wengi wa jumla hutoza kwa asilimia 95. Kila dakika 5 wanapima kasi. Mwezi wa siku 30 una vipimo 8,640. Vipimo 432 vya juu kabisa, yaani asilimia 5, vinatupwa, na unalipia kile kinachofuata. Vipimo 432 ni saa 36. Kazi ya kuhifadhi nakala inayochukua saa 1 kila usiku hutumia saa 30 na inaweza kupita bila kuongeza bili, mradi hakuna vilele vingine vikubwa vinavyogombea nafasi hiyo. Ikirefuka hadi saa moja na nusu, saa zinakuwa 45, na sasa kilele hicho ndicho kinachopanga bili ya mwezi mzima. Kupunguza kasi ya kazi hiyo ili ichukue usiku kucha huwa nafuu kuliko kununua uwezo.

Kuunganishwa na mitandao mingine kwenye kituo cha mabadilishano kuna hesabu yake pia. Jumlisha gharama zote zisizobadilika za mwezi: poti, kebo ya ndani ya jengo, usafirishaji hadi kituoni, na sehemu ya ruta. Gawanya kwa bei ya megabiti moja ya intaneti ya jumla. Jibu likiwa megabiti 2,000 na mawasiliano yako na mitandao iliyopo pale ni 3,000, unaokoa. Yakiwa 800, bado unaweza kujiunga kwa ajili ya njia fupi, ila usidai ni kubana matumizi.

Kache, yaani hifadhi ya karibu ya vitu vinavyoombwa mara kwa mara, hupunguza zaidi. Mtandao wa gigabiti 10 wenye kache inayojibu asilimia 80 ya maombi unavuta gigabiti 2 tu kutoka nje. Kuipandisha kache kutoka asilimia 40 hadi 50 hupunguza kiungo cha nje kwa moja ya sita. Kutoka 80 hadi 90 hukipunguza kwa nusu. Diski za nyongeza zinazoonekana kuleta asilimia chache ndizo mara nyingine zenye faida kubwa kuliko zote.

Ukiwa unamiliki viungo vya masafa marefu wewe mwenyewe, unaweza kwenda mbali zaidi. Mwaka 2013 Google walieleza mtandao wao wa B4, unaounganisha vituo vyao vya data, ambapo viungo vilikuwa vikijazwa kwa wastani wa asilimia 70 kwa vipindi virefu, mara 2 hadi 3 ya desturi. Waliweza kwa sababu walijua mawasiliano yapi yanaweza kusubiri: kiungo kikikatika, nakala za data zinapunguzwa kasi na mawasiliano ya mtumiaji yanapita. Mtoa huduma wa kawaida hajui pakiti ya mteja wake ina haraka kiasi gani, kwa hiyo hana nafasi hiyo.

Na kuna pesa zinazopotea kwa kununua kasi pasipohitajika. Mwanga kwenye faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 huongeza milisekunde 10 kwenda na kurudi. Programu ya zamani inayotumia dirisha la TCP (kiasi cha data kinachotumwa kabla ya kungoja jibu) la kilobaiti 64 kwenye njia ya milisekunde 100 haivuki megabiti 5.2 kwa sekunde, hata ukiipa kiungo cha gigabiti 1. Ili kujaza gigabiti hiyo, dirisha linapaswa kufika megabaiti 12.5. Rekebisha dirisha kwanza, au isogeze seva karibu.

Vitu ambavyo orodha ya manunuzi huvificha

Swichi yenye poti 48 zinazotoa umeme na bajeti ya wati 370 haiwezi kulisha poti zote 48. Kwa wati 15.4 kila moja, ni poti 24. Kwa wati 30, poti 12. Kamera ya kumi na tatu haitawaka, na fundi atabadilisha kebo siku nzima.

Ruta inayouzwa kama ya gigabiti 1 huwa imepimwa kwa pakiti kubwa. Pakiti za baiti 64 kwenye gigabiti 1 ni 1,488,000 kwa sekunde, na sauti za simu ziko upande huo kuliko upande wa pakiti za baiti 1,500. Soma kipimo cha pakiti kwa sekunde, na ukisome huku ngome ya usalama na usimbaji fiche vikiwa vimewashwa.

Kumbukumbu ya njia nayo ina dari. Agosti 2014 jedwali la njia za intaneti lilipita 512,000, kiwango ambacho ruta nyingi za zamani zilikuwa zimepangiwa, na sehemu kadhaa za intaneti zikayumba. Mwenye watoa huduma wawili tu mara nyingi hahitaji jedwali zima. Njia chaguo-msingi pamoja na njia za wateja wa karibu zinamwezesha kubaki na ruta ya bei ya chini kwa miaka kadhaa zaidi.

Aina nyingi za vifaa pia ni gharama. Modeli tano tofauti zinadai akiba tano kabatini, masasisho ya namna tano, na mtu anayekumbuka tofauti zao saa nane za usiku. Modeli mbili zilizozidi mahitaji kidogo kwa kawaida hushinda tano zilizokatwa kwa kipimo kamili.

Mwisho kabisa ni lini uagize kiungo kipya. Chukua viungo viwili vinavyosaidiana, na kikomo chako ni kwamba kimoja kikifa kingine kisizidi asilimia 80; maana yake kila kimoja kisivuke asilimia 40 wakati wa kilele. Mawasiliano yakikua kwa asilimia 40 kwa mwaka na kiungo kikichukua miezi 6 tangu kuagizwa hadi kuwaka, ndani ya miezi hiyo mzigo utaongezeka kwa asilimia 18. Gawanya 40 kwa 1.18: agizo linapaswa kutoka kilele kikiwa asilimia 34. Kilele hicho kipimwe kwa sekunde chache, kwa kuwa wastani wa dakika 5 unaweza kuonyesha 34 wakati ndani yake kuna nusu sekunde ambazo kiungo kilijaa na pakiti zikatupwa. Kihesabu cha pakiti zilizotupwa kwenye poti ndicho kitakachokuambia.